Mama, Binti na Sindano: Kushona Pedi za Kufua kwa Ajili ya Wasichana wa Shule



Wengi wenu mmetuuliza jinsi ya kushona pedi za kitambaa, zile zinazofuliwa na kutumika tena. Katika ukurasa huu nitaeleza hatua kwa hatua, tena kwa vitu ambavyo vinapatikana hapa Voi bila gharama kubwa. Lakini kwanza niruhusuni nisimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu. Bila hilo, maelezo ya uzi na kitambaa hayatakuwa yamekamilika.

GODORO LILILOKATWA

Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Huku kwetu Taita Taveta mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mahindi yalikauka, ng'ombe wakafa, na nyumba ambayo haina unga haiwezi kutoa pesa ya pedi. Kikundi chetu cha akina mama kikaamua kushona pedi za kugawia wasichana wa shule za upande wa Kasigau. Tulikuwa tukikutana alasiri katika ukumbi wa kanisa, na kazi nyingine tunabeba nyumbani. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu, "Akina mama, watoto wanaumia huko!"

Jumamosi moja nikatoa magodoro nje yapate jua. Nilipogeuza lile la binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 13, nikaona pembe moja imekatwa. Panya hutafuna ovyo, lakini hii ilikatwa kwa wembe, kipande baada ya kipande, kwa mpango. Nikamwita mdogo wake wa kiume nikamgombeza. Kijana akalia, akaapa si yeye. Kugeuka, nikamwona dada yake amesimama mlangoni, anatazama chini. Hapo nikaelewa.

Kumbe alikuwa ameanza kupata hedhi miezi minne iliyopita. Ilimpata shuleni. Sketi ikachafuka, wavulana wakacheka, akafunga sweta kiunoni akarudi nyumbani peke yake kabla ya saa sita. Siku hiyo hata naikumbuka. Nilimuuliza mbona amerudi mapema, akasema kichwa kinamuuma. Nikampa dawa ya kichwa, nikaendelea na kazi yangu. Na kazi yenyewe, wapendwa, ilikuwa ni kushona pedi.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Mama, hizo ni za msaada. Ulisema ni za wale hawana."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekusanya pedi zaidi ya thelathini ndani ya nyumba, na mtoto wangu anatumia sponji ya godoro.

KWA NINI WAZAZI TUNANYAMAZA?

Zamani mafunzo haya yalikuwa kazi ya nyanya na shangazi. Siku hizi nyanya amebaki juu milimani, Mgange au Wundanyi, na sisi tumeteremka Voi kutafuta riziki. Shangazi yuko Mombasa au Nairobi. Kazi imebaki kwa mama, na mama mwenyewe hakufundishwa jinsi ya kuifanya. Mimi mamangu hakuniambia kitu. Alinipa tu kipande cha leso akasema, "Usicheze na wavulana." Basi.

Baada ya siku ile ya godoro nilijaribu kumketisha binti yangu tuzungumze. Nikaandaa hata chai. Yeye akatazama ukuta, mimi nikatazama kikombe, na baada ya dakika tano kila mtu akaenda zake.

Kilichotusaidia ni sindano. Jioni moja nilikuwa nakata vitambaa peke yangu, nikamwambia, "Hebu nishikie hapa." Akashika. Kesho yake akaja bila kuitwa, akauliza kama anaweza kushona. Mshono wake wa kwanza ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Nikaufumua, akaurudia. Siku ya tatu, macho yakiwa kwenye kitambaa, akauliza polepole, "Mama, hii damu hutoka wapi hasa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka wamama wa Taita na Kasigau wanavyosuka vikapu vya mkonge. Mikono inasuka, na mdomo unasema mambo ambayo usingeyasema ukitazamwa usoni. Mtoto akiwa na kazi mkononi hahisi kwamba amewekwa kizimbani. Anaweza kuuliza, na akiona haya anainamia sindano yake. Vilevile mzazi.

NILICHOMWELEZA

Kwa wale wasiojua waanzie wapi, haya ndiyo mambo ya msingi:

Kila mwezi tumbo la uzazi hujiandaa kwa utando laini wenye damu. Kama hakuna mimba, utando huo hautahitajika, kwa hivyo hutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Si ugonjwa na si uchafu. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 10 na 15. Damu hutoka kwa muda wa siku 3 hadi 7. Katika miaka ya kwanza tarehe zinaweza kuyumba, mwezi mmoja mapema, mwingine kuchelewa, na hilo ni jambo la kawaida.

Mwambie pia ukweli wa pili: msichana aliyeanza hedhi anaweza kushika mimba. Afadhali asikie kwako leo kuliko asikie kwa mtu mwingine amechelewa.

Na mpeleke zahanati au hospitali kama damu inaendelea zaidi ya siku 7, kama analoanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, au kama maumivu yanamzuia kwenda shule. Usimwambie tu avumilie.

PEDI PEKE YAKE HAITOSHI

Labda utasema, si serikali inatoa pedi? Ni kweli. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pedi mwaka 2004. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa, ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe pedi za bure na za kutosha. Ni sheria nzuri, na wazazi tuna haki ya kuulizia shuleni kwetu.

Lakini tujifunze kwa majirani zetu wa Kilifi. Huko ulifanyika utafiti mkubwa katika shule 140 za msingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Shule ziligawanywa mafungu manne. Fungu moja lilipewa pedi, la pili likapewa mafunzo ya afya ya uzazi, la tatu likapewa vyote viwili, na la nne halikupewa lolote. Watafiti hawakupata ushahidi kwamba kugawa pedi kuliongeza mahudhurio ya wasichana shuleni. Lakini pale palipokuwa na mafunzo, wasichana walijua zaidi kuhusu miili yao na mitazamo yao ikabadilika.

Hii haimaanishi pedi hazina faida. Msichana anaweza kuwa ameketi darasani, jina lake limetiwa alama kwenye rejista, na asisikie neno hata moja kwa kuogopa kusimama ubaoni. Pedi inamwondolea hofu hiyo. Lakini ukimpa pedi bila mtu wa kuzungumza naye, umemaliza nusu tu ya kazi. Binti yangu alikuwa amezungukwa na pedi kila upande. Kitu alichokosa kilikuwa neno moja kutoka kwangu.

WAZO HILI LILIANZA WAPI?

Akina mama wa Afrika wametumia vitambaa tangu zamani, kwa hivyo si jambo geni. Lakini pedi ya kufua yenye muundo tunaoutumia wengi ina historia iliyoanzia hapa Kenya. Mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, Mmarekani mmoja aitwaye Celeste Mergens alikuwa akisaidia makao ya watoto yatima karibu na Nairobi. Aliuliza wasichana hufanyaje wakati wa hedhi. Jibu likawa kwamba hukaa chumbani juu ya vipande vya boksi mpaka siku ziishe. Kwanza wakapelekewa pedi za kutupa. Zikaisha, na tena hapakuwa na mahali pa kuzitupa. Ndipo wakageukia za kufua, na shirika la Days for Girls likazaliwa.

Muundo wao ulirekebishwa mara nyingi kwa kuwasikiliza wasichana wenyewe. Walisema hawataki rangi nyeupe kwa sababu ya madoa. Walisema pia hawawezi kuanika kamba ya nje kitu ambacho kila mpita njia atajua ni pedi. Ndiyo maana kitambaa cha ndani ni cha mraba. Kikianikwa, kinafanana na leso ya mkononi tu.

JINSI YA KUSHONA

Vifaa: kitambaa cha pamba chenye maua au rangi nzito (hata kipande cha kanga kitafaa), flaneli au shuka nzito ya pamba kwa ndani, kitambaa cha mwavuli mbovu au koti la mvua, kioshwe vizuri, vifungo vya kubonyeza, uzi imara, sindano, makasi na rula. Waulizeni mafundi cherehani wa sokoni mabaki yao. Wengi hutoa bure wakijua kazi ni ya nini.

1. Fua kwanza kitambaa cha pamba na ukikaushe. Pamba hunywea ikifuliwa. Ukishona kabla ya kufua, pedi itajikunja baadaye.

2. Kata umbo la pedi kwa karatasi ngumu ya boksi. Urefu uwe sentimita 28 na upana sentimita 10, na katikati utoe mabawa mawili ili upana wa hapo ufike sentimita 20. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyetukatia umbo hili. Alijua ni la nini, na hakufa.

3. Kwa umbo hilo kata vipande viwili vya pamba, cha juu na cha chini.

4. Kata kipande cha mwavuli cha sentimita 8 kwa 26. Kipige bandi kwenye mgongo wa kile kipande cha chini, pembezoni tu. Usipitishe sindano katikati, maana kila tundu la sindano ni mahali pa kuvuja.

5. Kata vipande viwili vidogo vya pamba vya sentimita 10 kwa 12. Vikunje mara mbili viwe sentimita 10 kwa 6, kisha uviweke kwenye ncha mbili za kile kipande cha juu, pale mbele. Hivi ndivyo mifuko ya kushikilia kitambaa cha ndani.

6. Weka vipande vya juu na chini vikitazamana uso kwa uso. Shona kuzunguka ukiacha sentimita moja pembeni, kwa mshono wa kurudi nyuma, yaani sindano inarudi hatua moja kabla ya kwenda mbele. Mshono huu ni imara kuliko wa kupitisha tu. Acha uwazi wa sentimita 6, geuza pedi, kisha uzibe uwazi huo.

7. Shona kifungo kwenye mabawa ili yakutane chini ya chupi.

8. Kitambaa cha ndani: kata vipande viwili vya flaneli vya sentimita 26 kwa 26. Vishone pamoja, geuza, upate mraba wa sentimita 24. Ukiukunja mara tatu, unapata upana wa sentimita 8, nao unaingia vizuri kwenye mifuko. Siku ya damu nyingi weka viwili.

Kila msichana tunampa pedi 2 za nje, vitambaa 6 vya ndani, chupi 2, sabuni, na mfuko wa kitambaa wa kufungwa kwa kamba. Usisahau chupi. Pedi yenye mabawa bila chupi haina pa kushikia, na wapo wasichana wasio nazo. Mfuko wa pili mdogo, wenye kitambaa cha mwavuli ndani, ni wa kubebea kilichotumika hadi nyumbani, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017.

UTUNZAJI

Badilisha kitambaa cha ndani kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema kikiloa. Kufua, anza na maji baridi. Maji ya moto huifanya damu ishike kwenye kitambaa. Tia sabuni, sugua, suuza mpaka maji yawe safi. Anika juani, kikauke kabisa. Msianike chini ya kitanda wala ndani ya sanduku kwa kuona haya. Kitambaa chenye unyevunyevu huleta mwasho na maambukizi. Na pedi ni ya mtu mmoja. Haiazimwi, hata kwa dada.

Neno kuhusu maji. Tunajua maji ya Mzima yanapita hapa kwetu kwenye bomba kuelekea Mombasa, na bado kuna vijiji ambako mtungi wa lita 20 ni safari ya asubuhi nzima. Mahali kama hapo pedi ya kufua inaweza kuwa mzigo. Kwa hivyo, kabla ya kushona, waulizeni wasichana na walimu: maji mnapata wapi? Choo cha shule kina mlango unaofungika? Kama maji hakuna, afadhali mseto, pedi za kutupa wakati wa shule na za kitambaa wakati wa likizo au msimu wa mvua.

BABA NAYE

Baba yao hufanya kazi Mombasa, huja mwisho wa mwezi. Alipokuja akatukuta mezani na pedi zimetapakaa. Binti yangu akazifunika haraka kwa leso. Baba akavuta moja, akaigeuza geuza chini ya taa, akasema, "Hiki kifungo kimeelekea upande mbaya. Hakitafunga." Alikuwa amesema kweli! Tukacheka mpaka machozi. Mwezi uliofuata akaja na pakiti ya vifungo vya kubonyeza kutoka mjini. Hakuhutubu wala hakuulizwa. Lakini tangu siku hiyo binti yangu akihitaji pesa ya sabuni au pedi humwambia baba yake bila kuzunguka.

SIKU YA KUGAWA

Tulipanda gari hadi Maungu, tukaacha barabara kuu ya Mombasa, tukaingia barabara ya vumbi ya Kasigau. Mabegi tulikuwa tumeyabeba mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza na wasichana, nimeandika hata karatasi. Wakakaa wameinama, kama mabinti wote mgeni akizungumza mambo hayo. Ndipo binti yangu akaniomba nafasi. Akawaambia, "Mimi nilikuwa nakata godoro."

Wakacheka. Kisha wakanyamaza. Halafu mmoja kutoka nyuma akasema, "Mimi hutumia soksi." Mwingine akasema yeye huondoka shule tu akaenda nyumbani, na njiani hupitia mahali ndovu hupita, kwa sababu kuchekwa ni kubaya kuliko ndovu. Maneno hayo yalinichoma. Tulizungumza saa mbili nzima. Karatasi yangu sikuifungua.

Tangu hapo kikundi chetu kimeweka kanuni mbili. Ya kwanza, kila mama anayeshona aje na mtoto wake, au mtoto wa jirani, wakae meza moja. Ya pili, seti ya kwanza anayoshona mama na binti inabaki nyumbani kwao. Za msaada zinaanzia ya pili. Mkono unaotoa uanzie mlangoni pako.

Ile pedi ya kwanza ya binti yangu, yenye mshono uliopinda, bado anayo. Hajakubali nimshonee nyingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani alikufundisha wewe kuhusu hedhi? Ungependa angekuambia nini zaidi?

2. Je, kuna kazi ya mikono ambayo wewe na mwanao mnaweza kuifanya pamoja kila wiki, hata kwa nusu saa?

3. Wasichana wa shule iliyo karibu nanyi wanapata maji, choo chenye mlango, na pedi zinazotolewa na serikali? Nani ataenda kuuliza, na lini?

4. Akina baba na wavulana wanaweza kufanya nini ili msichana asichekwe?